Moto wa gesi hauotwi

Mwezi wa saba kule Uyole, Mbeya, asubuhi huanza na mtungi kutikiswa. Shangazi yangu huamka kabla ya jua, kajifunga vitenge viwili juu ya sweta, akaingia jikoni kuchemsha chai ya wajukuu wanaowahi shule. Anawasha gesi. Moto unatoka mdogo kama wa kibiriti, wa bluu, unarukaruka. Anangoja ukue, haukui. Basi anafunga vali, anaunyanyua ule mtungi wa kilo sita na kuutikisa karibu na sikio. Ndani kinasikika kitu kikichakacha kama togwa kwenye kibuyu. Ubavu wa mtungi una umande, na ukiugusa vidole vinauma kwa baridi.

"Unasikia, mwanangu? Gesi imo. Ila imelala."

Dakika kumi baadaye jiko la mkaa liko uani, linapepewa kwa mfuniko wa ndoo, na mtungi umerudishwa kwenye kona yake kungojea jua.

Nimelishuhudia jambo hilo kila ninapokwenda huko msimu wa baridi. Na kila ninaposikia kwamba watu wanarudi kwenye mkaa kwa sababu hawajaelimika, naikumbuka ile mikono kwenye mtungi. Elimu shangazi anayo. Mtungi aliununua kwa fedha yake ya viazi. Anajua kupaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta panapovuja, na anajua moshi wa kuni ulivyomharibia macho mama yake. Tatizo lake ni jingine, na katika mazungumzo yetu ya nishati safi sijasikia likitajwa kwa uzito unaostahili: huku Nyanda za Juu Kusini, kupika ni kazi moja tu kati ya kazi za moto.

Kazi zenyewe ni tatu. Moto unaivisha, unaangaza, unaotwa. Nilikulia Uwemba, Njombe, kwenye nyumba ambayo jiko lilikuwa kibanda cha pembeni chenye paa la nyasi lililogeuka jeusi kwa masizi. Jioni hakuna aliyekaa sebuleni. Tulikaa kwenye vigoda kuzunguka mafiga, bibi akisonga ugali, viazi mviringo vimezikwa kwenye majivu ya moto, na mwenye daftari alijipenyeza upande wenye mwali mkubwa. Hesabu za darasa la tano nilizifanya kwa mwanga huo. Ungemwambia bibi atenge moto wa kupikia na moto wa kuota asingekuelewa, maana kwake kuni zilikuwa zilezile na moto ni uleule. Moshi nao ulikuwa uleule. Bibi alikohoa kila asubuhi kwa muda wote niliomfahamu, na sitaki mtu asome makala haya akadhani ninautetea ule moshi. Nauliza tu: kuni zikiondoka, zile kazi tatu zinabaki mikononi mwa nani?

Mwanga umekwisha kupata mwenyewe. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulipofika, na kabla yake taa za sola zinazouzwa kila gulio, kibatari kilikufa bila kampeni wala semina. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa, kwa sababu kilichokuja kilifanya kazi ileile vizuri zaidi na kwa bei inayobebeka. Kuivisha nako kunatafutiwa mwenyewe sasa hivi, ndiyo hiyo gesi. Joto halina mrithi. Kwa hiyo limebaki kwa mkaa, na mkaa ukishawashwa kwa ajili ya kuota, ni nani atakayeacha kubandika sufuria juu yake?

Ili kuelewa kwa nini gesi haiwezi kuurithi urithi wote, inafaa kujua bana, ile sehemu ya jiko la gesi inayotoa moto, ilitoka wapi. Katikati ya karne ya 19 miji ya Ulaya ilikuwa ikichimbia mabomba ya gesi iliyotengenezwa kutoka makaa ya mawe, na shabaha ilikuwa taa. Gesi ile iliwaka njano, ikaangaza mitaa, na hilo ndilo watu walilolipia. Mwaka 1855 mkemia Robert Bunsen alihamia maabara mpya ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, iliyovutiwa gesi hiyohiyo ya taa. Kwake yeye mwanga ulikuwa kero. Kazi yake ilihitaji kuchoma chumvi za madini na kuzitambua kwa rangi zinazotoa, na moto wa njano ulizifunika rangi zote, tena ukaacha masizi kwenye vyombo. Yeye na fundi wa chuo, Peter Desaga, wakapata umbo la bomba dogo la kusimama lenye matundu ya hewa chini, ili gesi ichanganyike na hewa kabla haijafika mdomoni kuwaka. Moto ukatoka wa bluu, mkali, karibu hauonekani. Kwa moto huo Bunsen na mwenzake Gustav Kirchhoff waligundua elementi mbili mpya, siziamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861.

Jiko la gesi unalolikuta leo soko la Mwanjelwa, Mbeya, ni mjukuu wa bomba lile. Ligeuze la kwako utaona. Gesi inatoka kwenye tundu dogo kama la sindano, inapita kwenye shingo iliyo wazi pembeni, inavuta hewa njiani, na inafika kwenye kichwa chenye vitundu ikiwa imekwisha kuchanganyika. Hewa ikizidi, moto unaachana na kichwa na kuzimika. Ikipungua, moto unakuwa wa njano na sufuria inakuwa nyeusi. Mtu akiniambia jiko lake la gesi limeanza kutoa masizi, kitu cha kwanza ninachoangalia ni ile shingo, maana buibui hupenda kujenga humo, na utando mdogo tu unatosha kuziba hewa.

Wanafunzi wa kidato cha kwanza hufundishwa kwamba kuna moto unaong'aa na moto usiong'aa, wakachora michoro miwili na kuendelea mbele. Mada hiyo ina uzito kuliko dakika inazopewa. Gesi isipopata hewa ya kutosha huvunjika ndani ya mwali, ikatoa chembechembe za kaboni, na chembe hizo zikipata moto hung'aa kama kaa la jiko. Zikifika ukingoni huungua. Zisipoungua, hupanda zikawa masizi. Mwanga wa kibatari na wa kuni ni hizo chembe zikiwa njiani. Moto wa bluu hauna chembe za namna hiyo, ndiyo maana hauangazi. Na hapa ndipo habari inapomgusa mtu wa Makete aliyekunja mikono kwapani: kinachong'aa ndicho pia kinachorusha joto pembeni. Kaa jekundu linakufikia usoni ukiwa umekaa hatua mbili kutoka kwake. Moto wa bluu hurusha kidogo sana. Joto lake kubwa hupanda na hewa, likapiga kitako cha sufuria, na linalobaki likaenda juu. Nyumba zetu nyingi hazina dari, kwa hiyo kutoka hapo linapita kwenye bati na kwenda zake. Kaa mbele ya jiko la gesi lenye sufuria, magoti yatabaki ya baridi. Bana iliyotengenezwa vizuri hupeleka joto kwenye chungu na kukunyima wewe, na kwa mpishi hiyo ni sifa.

Aliyeurudisha mwanga kwenye moto huo alikuwa mwanafunzi wa Bunsen mwenyewe, Carl Auer von Welsbach wa Austria. Mwaka 1885 alipata hataza ya kifuko cha nyuzi kilicholoweshwa chumvi za madini adimu. Ukikichoma, nyuzi zinaungua, kunabaki kiunzi cheupe chepesi kama jivu, na kiunzi hicho kikitundikwa ndani ya moto wa bluu kinang'aa mweupe kuliko kibatari chochote. Mchanganyiko uliokuja kushika ulikuwa wa mwaka 1891: asilimia 99 oksaidi ya thoriamu na asilimia 1 oksaidi ya seriamu. Wasomaji wa umri wangu wanaijua kazi hiyo bila kujua jina la mtu. Ni ile taa ya karabai. Mafuta ya taa yanasukumwa kwa pampu, yanageuka mvuke, yanachanganyika na hewa, na moto wa bluu unakipasha kile kifuko. Pale Matema nimesimama ufukweni usiku wakati karabai zilipokuwa bado nyingi, nikatazama Ziwa Nyasa limejaa nukta nyeupe za wavuvi wa usipa. Nakumbuka mvuvi mmoja akifunga kifuko kipya kwa uzi huku ameziba upepo kwa mgongo, kwa sababu kikishachomwa mara ya kwanza, kikiguswa tu, kimekwisha.

Basi moto wa gesi ukiutaka utoe mwanga, lazima uuwekee kitu cha kung'aa. Ukiutaka utoe joto la kuota, ni vivyo hivyo: hita za gesi zina vigae vya udongo ambavyo moto huvipasha mpaka vikawa vyekundu, na vigae ndivyo vinavyorusha joto. Hita hizo zipo, lakini zinakula gesi saa zote zinapowaka na zinahitaji dirisha wazi. Kwa mwenye mtungi wa kilo sita ambao lazima ufike mwisho wa mwezi, hilo halimo kwenye hesabu.

Na hata hiyo kazi moja ya kuivisha, miinuko yetu inaifanya kuwa ngumu. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe karibu 2,000, na uwanda wa Kitulo hufika 2,600 na zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema. Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100, Mbeya kama nyuzi 94, Njombe 93, Kitulo 91 hivi. Nyuzi sita si kitu kwa chai. Kwa maharage ni mambo mengine kabisa, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi tena hata ukiongeza moto. Unachoongeza ni mvuke. Sufuria ya maharage iliyoiva Dar es Salaam mpishi akiwa bado anaongea na jirani, Njombe itamkuta amekwisha kwenda shambani na kurudi. Chakula chetu cha kila siku ni maharage na makande. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wametuzalishia mbegu za maharage miaka na miaka, Njano Uyole ikiwa mojawapo, na akina mama sokoni wakinunua huuliza kwanza kama yanawahi kuiva, ndipo waulize bei.

Tupige hesabu. Bana ndogo ya kilowati mbili ikiwa wazi kabisa hula kama gramu 160 za gesi kwa saa. Ukiipunguza nusu baada ya kuchemka, maharage ya saa tatu yanaondoka na robo kilo ya gesi. Mtungi wa kilo sita basi ni sufuria 25 hivi za maharage, na hapo hujachemsha chai, hujasonga ugali, hujakoga. Kwa bei yetu ya huku, kujaza mtungi huo ni zaidi ya shilingi elfu ishirini kwa mkupuo. Ukigawanya kwa sufuria, gesi haionekani ghali kuushinda mkaa kwa mbali, na wataalamu wanaosema hivyo wana haki. Ila mkaa unauzwa wa buku, shilingi elfu moja. Mwenye buku leo anapika leo. Mwenye buku mbele ya mtungi mtupu anarudi na buku yake.

Sasa turudi kwenye gesi iliyolala. Ndani ya mtungi kuna mchanganyiko wa propani na butani, umebanwa mpaka ukawa kimiminika. Ili iwake, lazima igeuke mvuke kwanza, na kugeuka mvuke kunahitaji joto, ambalo mtungi huliazima kwa hewa inayouzunguka. Propani ni nyepesi kuamka: katika usawa wa bahari huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani huchemka karibu na sifuri kabisa. Mtungi mpya unawaka kwa nguvu asubuhi yoyote, kwa sababu propani bado ni nyingi. Kadiri siku zinavyokwenda, propani inatangulia kutoka, inayobaki chini inazidi kuwa butani, na butani kwenye nyuzi tano au nane za asubuhi ya Julai haina msukumo wa maana. Moto wenyewe ukiwaka unazidi kuupoza mtungi, ndiyo ule umande. Halafu jiko linalokaa juu ya mtungi mdogo kwa kawaida halina regureta ya kusawazisha msukumo, lina vali tu, kwa hiyo msukumo wa mtungi ukishuka moto nao unashuka papo hapo.

Watu wameibuni dawa yao. Wapo wanaomwaga maji ya moto juu ya mtungi, na wapo wanaousogeza karibu na jiko la mkaa. Hili la pili naliandika kwa hofu, maana nimeliona kwa macho yangu na nikauondoa mtungi kwa mikono yangu. Mtungi wa gesi hausogezwi kwenye moto, hata siku moja. Atakayetaka kuuamsha aukalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, au auache usiku kucha kwenye chumba chenye hewa kisicho na moto wala baridi kali.

Wengine huchoka na kwenda kuubadilisha. Hapo mwenye mtungi anapoteza mara mbili, kwa sababu kilichobaki ndani hakirudishiwi. Mwaka jana nilimpelekea shangazi mtungi wake "ulioisha" dukani nikiwa nimebeba mzani wa kupimia viazi. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa mhuri kwenye chuma chenyewe. Ukiutoa kwenye uzito wa mzani unajua kilichobaki. Kulibaki karibu kilo moja. Muuzaji alinitazama, akasema utaratibu ni kubadilishana mtungi kwa mtungi, akapokea fedha kamili. Hakunidhulumu kwa kanuni yoyote anayoijua yeye. Lakini ile kilo moja ilikuwa sufuria nne za maharage, na ililipiwa.

Huku kwetu huulizwa sana: nchi ina gesi tele Mtwara na Lindi, mbona hii ya mtungi haishuki bei? Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, mwaka 1982, karibu yote ni methani. Methani haikubali kuwa kimiminika kwa kubanwa tu; kwa msukumo wa kawaida wa hewa lazima uipoze kufikia nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo haiingii kwenye mtungi wa jikoni. Husafiri kwa bomba, na bomba lililokamilika mwaka 2015 linakwenda Dar es Salaam. Gesi ya mtungi inaletwa kwa meli kutoka nje, kisha kwa malori, na lori la kuja Mbeya lazima lipande mlima Kitonga. Gesi ya ardhini ya kwetu tunayo pia, kule Kyejo wilayani Rungwe, lakini ni kaboni dioksaidi ya kutilia soda. Hiyo huzima moto.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Nimemzika bibi aliyekohoa maisha yake yote. Serikali imegawa na kuuza kwa ruzuku mitungi ya kilo sita kupitia REA, na nimeiona Njombe na Mbeya ikifika mpaka vijijini. Wasiwasi wangu ni kwenye namna tunavyohesabu. Mtungi ukikabidhiwa, picha inapigwa, na kaya inaingia kwenye orodha ya waliofikiwa. Hakuna anayerudi mwezi wa saba kuuliza umejazwa mara ngapi. Ukihesabu mitungi, mkoa wa Njombe utaonekana unasonga mbele. Ukihesabu majazo, na ukayahesabu kwa miezi, nina hakika utaiona baridi ikijichora yenyewe kwenye takwimu.

Kwa mkoa wa joto kosa hilo la kuhesabu ni hasara ya fedha. Kwetu linaweza kuwa la uhai, na hapa naomba nieleze kitu kilichonitokea.

Nilipokuwa nasoma Iringa nilipanga chumba Kihesa na rafiki yangu. Juni ile ilikuwa ya baridi kali. Tulipika wali uani kwenye jiko la mkaa, na mkaa uliposhika vizuri, umekuwa mwekundu na hauna moshi, tukaliingiza jiko ndani tuote tukisoma. Tuliziba na uwazi wa chini ya mlango kwa taulo. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kichwa kugonga kama ngoma, na miguu kukataa nilipojaribu kusimama. Rafiki yangu alikuwa ametapika kitandani bila kuamka. Mama mwenye nyumba aliyekuja kugonga kudai ndoo yake ndiye aliyesukuma mlango. Alituburuta nje mmoja mmoja, akatulaza barazani kwenye baridi ileile tuliyokuwa tunaikimbia.

Mkaa unaowaka bila moshi unadanganya. Unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuizuia kubeba oksijeni. Hukohoi, macho hayawashi, unasikia usingizi tu. Kuni za bibi zilikuwa na moshi mchungu uliomtoa mtu nje akitaka asitake, na paa la nyasi lilipumua. Sisi tumeweka bati, saruji na madirisha ya vioo, tukabaki na jiko lilelile. Kila msimu wa baridi zinasikika habari za familia iliyolala na jiko ndani. Tunasikitika na kusema watu wawe makini, ilhali hatujawaambia waote nini. Nao wanaowasha bana ya gesi usiku kucha mlango umefungwa ili wapate joto wako kwenye hatari jirani na hiyo, kwa sababu hewa ya chumba ikipungua hata moto wa bluu huanza kutoa sumu hiyohiyo.

Ndiyo maana nasema joto lipewe bajeti yake na jina lake. Wajenzi waliotangulia huku walilijua hilo. Nenda kwenye nyumba za zamani za misheni au za mashamba ya chai ya Mufindi, utakuta sebule ina mahali pa moto na dohani iliyopanda mpaka juu ya paa. Hawakuota jikoni. Kuni zetu za huku pia hazifanani na za kwingine: Njombe na Mufindi miti inapandwa, mikaratusi, misindano, na miwati inayochomwa mkaa mpaka leo. Tawi la mwati uliopandwa na kukatwa na mwenyewe lina hesabu tofauti na mkaa wa miombo unaoshushwa kutoka Chunya. Jiko la tofali lenye mlango wa chuma na dohani, likichomwa saa mbili za jioni, linapasha ukuta ambao unaendelea kutoa joto moto ukiwa umezima. Moshi hautoweki, unakwenda nje, nakiri hilo. Lakini hauko tena kifuani mwa mtoto, na sumu ya mkaa haiko tena chumbani. Dari nayo ihesabiwe kama nishati. Nyumba isiyo na dari Makete inapasha anga.

Kwa upande wa gesi, yapo mambo ambayo wauzaji na wasimamizi wakitaka wanaweza kuyafanya kabla ya Juni ijayo. Uingereza na Ufaransa wana mitungi ya propani na mitungi ya butani, na mteja wa baridi huuziwa propani. Sioni kwa nini mitungi inayopanda Kitonga mwezi wa tano isiongezewe propani. Mzani uwe juu ya kaunta, na kilichobaki kitolewe kwenye bei. Mita za kulipia gesi kidogokidogo kwa simu zimekwisha kuanza kutumika nchini, na zinafaa zaidi huku, kwenye buku, kuliko kwenye maghorofa.

Ila kama ningeruhusiwa kuchagua kitu kimoja cha kuwekewa ruzuku kwa Nyanda za Juu, ningeacha mtungi na kuchukua presha kuka. Sufuria ya presha huongeza msukumo wa karibu sawa na angahewa moja juu ya ule uliopo, na ndani yake, hata Mbeya, maji hufika nyuzi 117 hivi kabla ya kuchemka. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva chini ya saa moja. Robo kilo ya gesi inashuka kuwa sehemu ndogo tu ya hiyo, na mtungi uleule unavuka mwezi wa saba. Ya umeme ni nafuu zaidi, chini ya yuniti moja kwa sufuria. Mlima unatunyang'anya nyuzi sita, na presha kuka inazirudisha na kuongeza nyingine 17. Sijui chombo kingine cha jikoni kinachoifaa ramani yetu namna hiyo, na bado ukiingia dukani utakikuta rafu ya juu karibu na zawadi za harusi.

Mwaka huu shangazi anaongeza chumba. Nilikuwepo fundi alipokuja kupima msingi kwa kamba, nikamweleza shangazi habari ya dohani, nikachora kwenye mfuko wa saruji. Aliniuliza maswali ya maana kuliko niliyoulizwa popote: tofali zipi hazipasuki kwa moto, mvua ikinyesha inaingia wapi, nani atalifagia, mjukuu akiegemea ukuta ataungua? Fundi alisema hajawahi kujenga ila aliwahi kubomoa moja, kwa hiyo anajua lilivyokaa ndani. Wakakubaliana litoke upande usiopigwa na upepo wa Uporoto. Kisha shangazi akahesabu vidole, viazi gunia ngapi, akanigeukia.

"Na hiyo sufuria ya presha, mwanangu, Mwanjelwa wanaiuza shilingi ngapi?"